Arifa zisizosumbua katika programu ya duka la dawa, Arua: shajara ya mradi

Shajara hii inaandikwa kwa ajili ya wenzetu wanaotengeneza programu za maduka, zahanati na vyama vya akiba na mikopo, ili waone tulichojaribu kabla ya kukigharamia upya. Programu inayozungumziwa inaendesha duka la dawa la jumla na rejareja jijini Arua, Uganda. Inauza, inatunza hesabu ya ghala, inafuatilia tarehe za mwisho wa matumizi, na inasoma joto la friji yenye insulini, oksitosini na chanjo ya homa ya ini B. Kompyuta za kaunta na ya ghala zinatumia Ubuntu, mfumo endeshi wa familia ya Linux, na ya ofisini inatumia Windows 10. Mradi huu unahusu jambo moja tu, yaani namna programu inavyomwita mtu aliye katikati ya kazi yake.

3 Februari 2025: hali tuliyoikuta

Toleo lililokuwepo lilikuwa na njia moja ya kumweleza mtu jambo: dirisha dogo liliibuka katikati ya skrini na kusimamisha kila kitu mpaka mtu abofye Sawa. Dirisha hilo lilitumika kwa dawa iliyokaribia kwisha muda, kwa nakala rudufu iliyokamilika, kwa printa iliyoishiwa karatasi na kwa friji iliyopanda joto, bila tofauti ya sura wala ya uzito.

Malalamiko yaliyotufikisha hapa hayakutaja arifa hata kidogo. Wahudumu walisema kwamba baadhi ya pakiti zilizosomwa kaunta hazikuonekana kwenye risiti, na shaka ya kwanza ikaangukia kisoma msimbopau. Tulibadilisha kebo, tukaazima kisoma kingine, na tatizo likabaki palepale. Chanzo kilijitokeza tulipoiagiza programu iandike saa ya kufunguka na ya kufungwa kwa kila dirisha. Kisoma msimbopau hujitambulisha kwa kompyuta kama kibodi: kikisoma pakiti, huchapa tarakimu zake na kumalizia kwa Enter, sawasawa na mtu anayechapa kwa mkono. Dirisha la onyo likiibuka sekunde ileile, tarakimu humwagika ndani yake na kupotea, kisha Enter hubonyeza Sawa kwa niaba ya mhudumu ambaye macho yake yako kwenye pakiti. Kwa tendo moja duka lilipoteza bidhaa kwenye risiti na onyo lisilosomwa na mtu. Rekodi za kaunta zilijaa madirisha yaliyofungwa kabla ya sekunde moja kutimia, na miongoni mwake yalikuwemo maonyo ya friji.

Kuanzia leo kuna kanuni ambayo haitakiukwa: hakuna arifa itakayonyakua kibodi kutoka kwa mtu. Dirisha linalosubiri jibu limebaki kwa jambo ambalo mtu mwenyewe amelianzisha, kwa mfano kufuta fungu zima la dawa kwenye hesabu. Hata hapo Enter haifuti, na sharti abofye kitufe chenyewe.

17 Februari 2025: kupanga upya yanayosemwa

Kabla ya kugusa msimbo tuliandika kwenye karatasi kila ujumbe ambao programu ilikuwa na uwezo wa kuutoa, kisha tukaketi na wenye kazi: mfamasia mkuu, ambaye duka zima humwita Daktari, mama anayesimamia kaunta, na mzee wa ghala. Kwa kila ujumbe tuliuliza unamhusu nani, mtu huyo anaweza kufanya nini wakati uleule, na kingeharibika nini kama angeupata jioni.

Ujumbe wa "Mauzo yamehifadhiwa" uliondolewa mara moja, kwa kuwa risiti inayotoka kwenye printa inasema hivyohivyo. "Nakala rudufu imekamilika" nao uliondolewa, na mahali pake kukawekwa tahadhari inayoonekana pale tu nakala inaposhindikana usiku mbili mfululizo. Kuhusu ujumbe wa "Umeme umekatika", mama wa kaunta alisema kwa upole, "Mwanangu, taa zimezima na feni imesimama. Kompyuta inaniambia nini nisichokijua?" Alichotaka kukijua ni kama betri ya dharura ingemfikisha mwisho wa mauzo aliyokuwa nayo mkononi. Sasa programu hainyanyui sauti umeme unapokatika. Huhifadhi mauzo yaliyo wazi, na betri inapobakiwa na dakika kumi ndipo inaposema: "Betri imebaki dakika 10. Mauzo yaliyo wazi yamehifadhiwa."

Ujumbe uliobaki uligawanywa katika ngazi. Ya chini kabisa ni ukanda mwembamba ulio chini ya dirisha la programu, ambao mtu huutazama akipenda. Inayofuata ni orodha ya Kazi za Leo, anayoifungua mzee wa ghala asubuhi. Ya juu ni arifa inayoibuka pembeni mwa skrini. Jambo lolote huanzia ngazi ya chini, na ili lipande, mtu anayetaka lipande sharti aeleze mpokeaji atafanya nini ndani ya saa hiyo. Kigezo hiki kilitupa ubishi mrefu kuliko nilivyotarajia, na ninawashauri wanaoiga kazi hii wasiuharakishe. Mzee wa ghala aliitetea sana arifa ya dawa zinazokaribia kwisha muda, mpaka tulipoitazama kazi yake ya asubuhi pamoja naye. Anapanga rafu ili dawa inayokwisha mapema itoke mapema, na kwa kazi hiyo anahitaji orodha moja iliyopangwa kwa tarehe. Programu ilikuwa ikimpa madirisha mengi, kila dawa na lake, kila kompyuta ilipowashwa. Alipopewa orodha hakuitaka tena arifa.

10 Machi 2025: kuhamia kwenye arifa za mfumo endeshi

Kwa kompyuta za Ubuntu tuliacha kuchora madirisha yetu na kutumia utaratibu wa pamoja wa freedesktop.org, mradi unaoweka viwango vya pamoja vya mazingira ya Linux, ambapo programu hutuma ombi liitwalo Notify kupitia D-Bus (mkondo ambao programu hupitishiana ujumbe ndani ya kompyuta) na mfumo wenyewe huamua pa kulionyesha. Ombi hubeba jina la programu, kichwa, maelezo, vitufe, kiwango cha uharaka na muda wa kukaa kwenye skrini. Kazi ya msingi ilikwenda upesi. Yafuatayo ndiyo yaliyotuchelewesha.

Arifa zilizomtaja msambazaji mmoja wa dawa zilikuja na kichwa bila maelezo. Jina lake lina alama ya &, na sehemu ya maelezo inaruhusiwa kubeba alama za mpangilio wa maandishi, kwa hiyo & au < inayoingia bila kugeuzwa huvuruga usomaji wa ujumbe mzima. Suluhisho ni kuzigeuza alama hizo kuwa & na < kabla ya kutuma, kwa kila neno linalotoka kwenye hifadhidata, hata lile linaloonekana salama.

Tatizo la pili lilikuwa mrundikano. Printa iliyoishiwa karatasi ilizaa arifa mpya kila ilipojaribu kuchapa, na orodha ya mfumo ikajaa sentensi moja iliyojirudia. Utaratibu una nafasi ya namba ya arifa inayobadilishwa, replaces_id: Notify inapojibu hutoa namba, na ukiirudisha namba hiyo katika ombi linalofuata, ujumbe mpya huchukua mahali pa ule wa zamani. Sasa kila jambo lina arifa moja tu iliyo hai, na jambo likisharekebishwa programu huifunga yenyewe kwa CloseNotification. Hatua hii ya pili ndiyo inayosahaulika kwa urahisi. Arifa inayodai printa haina karatasi ilhali karatasi imeshawekwa humfundisha mtu kutoziamini arifa zote.

La tatu lilikuwa muda. Tulipanga arifa za kawaida zikae sekunde nane, lakini GNOME, mazingira ya skrini ya Ubuntu yetu, hayaheshimu muda unaoombwa na programu. Arifa ya kawaida huondoka kwa ratiba yake yenyewe, na ya uharaka wa juu hukaa mpaka mtu aiondoe. Tulijaribu kuzunguka kikwazo hiki kwa kuzipandisha arifa zetu kuwa za uharaka wa juu, na matokeo yakawa mabaya: karatasi ya printa ikaonekana nzito kama friji. Tukarudi nyuma na kukubali kwamba arifa inayoondoka yenyewe haiwezi kuwa mahali pekee pa habari yoyote. Kila kinachoibuka sasa kinaandikwa pia kwenye ukanda au kwenye Kazi za Leo, ili aliyekuwa akimhudumia mteja akute habari ileile akirudi.

31 Machi 2025: friji

Hatua hii imetugharimu kuliko zote, kwa fedha na kwa fikra. Joto linalotakiwa ni kati ya nyuzi 2 na 8 za Selsiasi, na toleo la kwanza lilitangaza hatari mara tu kihisi kilipovuka 8. Kila asubuhi mlango ulipofunguliwa kwa ajili ya kuhesabu, arifa iliibuka na sauti ikalia. Mchana wa joto kali ikawa vivyo hivyo. Haukupita muda tukakuta spika ya kompyuta ya kaunta imefunikwa kwa utepe wa gundi. Aliyeufunika alikuwa na haki: alikuwa ameshakwenda kuitazama friji mara nyingi na kuikuta salama.

Tulichukua somo kutoka kwa vifaa vya kurekodi joto vinavyotumika katika friji za chanjo kwa viwango vya Shirika la Afya Duniani. Vifaa hivyo hutangaza hatari ya joto pale tu linapokaa juu ya nyuzi 8 kwa saa 10 mfululizo, na hatari ya kuganda linapokaa nyuzi -0.5 au chini yake kwa dakika 60 mfululizo. Tofauti ya muda huo ina sababu. Madhara ya joto hujilimbikiza polepole, ilhali chanjo kama ya homa ya ini B ikiganda huharibika moja kwa moja, na insulini nayo haifai tena ikishaganda. Kwa hiyo upande wa baridi unahitaji arifa ya mapema zaidi, ingawa watu wengi huhofia upande wa joto peke yake.

Saa 10, hata hivyo, ni kipimo cha kuamua hatima ya dawa, na sisi tulitaka kumpa mtu nafasi ya kuiokoa. Mpangilio wa sasa uko hivi. Joto likizidi 8 kwa nusu saa, ukanda hubadilika rangi na kuandika kipimo kwa maneno, kwa kuwa wapo wasioweza kutofautisha nyekundu na kijani. Likidumu hivyo kwa saa moja, arifa ya uharaka wa juu huibuka kaunta na ofisini: "Friji iko juu ya nyuzi 8 kwa saa 1. Kagua mlango na plagi." Likidumu kwa saa tatu, ujumbe mfupi huenda kwenye simu ya Daktari. Upande wa baridi hausubiri hivyo: chini ya nyuzi 2 kwa dakika 15 ukanda husema, na ikifika nyuzi 1 arifa huibuka papo hapo. Tumeweka nyuzi 1 badala ya -0.5 kwa sababu kihisi chetu, DS18B20, kinaruhusiwa kukosea kwa nusu nyuzi juu au chini, na hatukutaka kosa la kihisi lipunguze muda wa kuokoa dawa.

Usomaji uliochezacheza kati ya 7.9 na 8.1 ulifungua na kufunga hali ya hatari mfululizo, na kila ufunguzi ulianza kuhesabu muda upya, kwa hiyo arifa halisi ingeweza kucheleweshwa bila kikomo. Sasa hali ya hatari hufungwa pale tu joto linaposhuka chini ya 7.5 na kukaa hapo dakika kumi. Vilevile tulikihamisha kihisi kutoka hewani karibu na mlango na kukizamisha katika chupa ndogo ya gliserini kwenye rafu ya katikati, ambapo kinapima kitu kinachopoa na kupata joto kwa mwendo unaokaribia wa dawa zenyewe. Miruko mingi ya joto iliyotokana na kufungua mlango ilitoweka kwa hatua hii peke yake, bila mstari hata mmoja wa msimbo.

14 Aprili 2025: namba mbili za uongo

Umeme uliporudi mchana, arifa ilitangaza kwamba friji ina nyuzi 85. Hiyo ndiyo thamani ambayo DS18B20 huwa nayo kwenye kumbukumbu yake inapowashwa, kabla ya kumaliza kipimo cha kwanza, na kipimo kamili huchukua hadi milisekunde 750. Programu ilisoma kabla ya kihisi kuwa tayari. Siku nyingine kebo ililegea, na maktaba ya msimbo tunayotumia kwenye ubao wa Arduino (kompyuta ndogo inayosoma kihisi) ikarudisha -127, yaani thamani yake ya kuonyesha kihisi hakijibu, lakini programu yetu ikaipokea kama baridi kali na kuwaita watu mbio.

Kusubiri sekunde moja kabla ya kusoma kumeondoa tatizo la 85. Kwa -127 hatukuridhika kuitupa kimyakimya, kwa kuwa kihisi kilichokufa kingeiacha friji bila mlinzi huku ukanda ukionyesha usomaji wa jana kana kwamba mambo ni shwari. Sasa ikipita robo saa bila usomaji halali, ukanda huandika: "Friji: hakuna usomaji tangu saa 4:10 asubuhi." Ikipita saa moja, arifa huibuka na kumwomba mtu asome kipimajoto cha friji kwa macho.

Ninasisitiza kwa yeyote anayeiga: kifaa hiki hakichukui nafasi ya kirekodi joto kilichoidhinishwa, wala ya kusoma kipimajoto kwa macho mara mbili kwa siku na kuandika kwenye daftari. Daftari la friji liko palepale lilipokuwa.

5 Mei 2025: kuchagua wakati

Uchunguzi wa Shamsi Iqbal na Brian Bailey, waliofanya kazi hiyo katika Chuo Kikuu cha Illinois, ulionyesha kwamba mtu akikatizwa kwenye mpaka kati ya hatua moja ya kazi na nyingine huumia kidogo kuliko akikatizwa katikati ya hatua. Kaunta ya duka ina mpaka ulio wazi kabisa, yaani risiti inapotoka. Arifa zote zisizo za friji sasa husubiri mauzo yaliyo wazi yafungwe, kisha hungoja sekunde chache ili mhudumu amkabidhi mteja dawa na chenji.

Jaribio la kwanza la utaratibu huu lilishindwa siku za foleni ndefu. Mauzo yalifuatana bila nafasi, arifa zikajipanga nyuma ya mlango, na foleni ilipokatika zikaibuka kwa mkupuo. Hali kama hiyo ilijitokeza mtandao uliporudi baada ya kukatika asubuhi nzima, kwani programu ilitoa arifa za mambo ambayo yalikuwa yamekwisha kurekebishwa. Marekebisho yalikuwa mawili. Arifa inayosubiri haihifadhi tena maneno. Huhifadhi swali, na swali hilo huulizwa upya sekunde ya kuonyeshwa: je, printa bado haina karatasi? Kama jibu ni hapana, arifa hufa bila mtu kuisikia. Pia zikiwa zaidi ya mbili, huunganishwa kuwa moja inayoifungua Kazi za Leo.

26 Mei 2025: macho ya mteja

Daktari aliona jambo ambalo sote tulikuwa tumelipita. Skrini ya kaunta imegeuzwa upande ili mteja aone jumla ya bei, na arifa ya oda iliyokamilika ilionyesha jina la mgonjwa na dawa yake mbele ya kila aliyesimama hapo. Katika mji ambao watu wanajuana, jina moja la dawa linatosha kueneza habari za ugonjwa wa mtu hadi nyumbani kabla yeye mwenyewe hajafika. Sheria ya Uganda ya Ulinzi wa Data na Faragha ya mwaka 2019 inadai pia uangalifu huo, ila hata isingekuwepo jambo hili lingetosha kutusimamisha.

Arifa sasa husema "Oda namba 214 iko tayari", na jina huonekana baada ya mhudumu kuifungua oda yenyewe. Tulipitia kila kiolezo cha ujumbe na kuondoa majina ya watu, majina ya dawa katika oda za wagonjwa, na madeni ya wateja. Kwenye skrini iliyofungwa hakuna arifa yetu inayoonyesha maelezo.

16 Juni 2025: kompyuta ya ofisini

Kwenye Windows 10 arifa hazikutokea kabisa, na hakuna ujumbe wa hitilafu uliotolewa. Programu ya mezani isiyosakinishwa kama kifurushi inahitaji kitambulisho kiitwacho AppUserModelID, na sisi tulikuwa tukiiendesha kutoka kwenye folda tu. Kisakinishi kilipotengeneza njia ya mkato kwenye menyu ya Start yenye kitambulisho hicho, zikaonekana. Kazi ya replaces_id hapa inafanywa na Tag pamoja na Group, majina mawili yanayoitambulisha arifa. Muda wa kukaa kwenye skrini, ambao kwa kawaida ni sekunde 5, uko mikononi mwa mtumiaji, naye anaweza kuurefusha hadi dakika 5 katika mipangilio ya ufikivu. Hatukuugusa, kwa kuwa ni wake.

Arifa ambazo hazijafungwa hudumu kwenye kituo cha arifa hadi siku tatu, jambo ambalo lingemfanya Daktari akute Jumatatu habari za Ijumaa. Tumeweka muda wa kuisha kwa kila moja. Kwa kuwa msaada wa Windows 10 ulipangwa kukoma tarehe 14 Oktoba 2025, kazi hii itarudiwa kwenye mashine mpya, na tumeitenga katika faili yake ili isitawanyike.

14 Julai 2025: akiba inayopungua, na haki ya kunyamazisha

Tahadhari ya akiba ilitegemea idadi: dawa ikishuka chini ya pakiti 50, programu husema. Kwa dawa ya malaria wakati wa mvua, pakiti 50 ni kidogo mno na arifa huja mzigo ukiwa umeshachelewa. Kwa dawa inayouzwa mara chache, pakiti 50 ni akiba ya muda mrefu na arifa hiyo haikomi. Sasa programu hukadiria akiba itadumu siku ngapi kwa mwendo wa mauzo ya siku 30 zilizopita, na huiweka dawa kwenye Kazi za Leo pale siku hizo zinapokaribia muda ambao mzigo huchukua kufika kutoka Kampala. Haiibuki popote. Mzee wa ghala huagiza asubuhi, na asubuhi ndipo anapoikuta.

Kuhusu kunyamazisha, tulikuwa tumetengeneza ukurasa wa mipangilio wenye swichi kwa kila aina ya arifa, kazi ya uangalifu mwingi ambayo hakuna aliyeifungua. Mtu hutaka kunyamazisha wakati arifa iko mbele yake. Vitufe viwili vilivyowekwa kwenye arifa yenyewe vilitosha: "Baada ya saa moja" na "Aina hii iende kwenye orodha tu." Utaratibu wa Linux hauahidi vitufe kila mahali, kwa hiyo programu huuliza kwanza kwa GetCapabilities, ombi la kujua mfumo una uwezo gani, na pasipokuwa na uwezo huo vitufe huonekana kwenye ukanda.

Friji ndiyo ya pekee isiyoweza kunyamazishwa moja kwa moja. Inaweza kutulizwa kwa saa moja, na anayeituliza huandika alichokifanya, kwa mfano "nimehamishia insulini kwenye boksi la barafu". Tulikuwa na wasiwasi kwamba sharti la kuandika lingewaudhi. Wamelipokea vizuri, kwa kuwa anayeingia zamu ya jioni husoma hapo na hana haja ya kupiga simu kuuliza.

4 Agosti 2025: gharama na hali ya sasa

Kihisi chenye kebo isiyopitisha maji kilituchukua shilingi za Uganda 30,000, ubao wa Arduino 60,000, modemu ya ujumbe mfupi 85,000, na betri ya kuiwezesha modemu umeme usipokuwepo 70,000. Gliserini ilikuwa 8,000. Ujumbe mfupi ulitozwa shilingi 35 kila mmoja, na tangu mpangilio wa muda uanze gharama yake haijatupa shida. Vifaa viliagizwa Kampala na kuletwa kwa basi, usafirishaji 20,000. Kisoma msimbopau cha kuazima kilirudishwa kwa mwenyewe bila malipo. Muda wa kazi hatukuupigia hesabu ya fedha.

Kwenye kaunta, siku ya kawaida sasa hupita bila arifa yoyote kuibuka. Hilo lilimtia Daktari mashaka kama programu bado inafanya kazi, nasi tukaongeza neno dogo kwenye ukanda: "Friji nyuzi 5, imesomwa dakika 2 zilizopita." Utepe wa spika umebanduliwa, kwa kuwa sauti imebaki kwa friji peke yake.

Kilichobaki ni kompyuta ya ghala, ambayo iko nyuma ya ukuta na mara nyingi haina mtu mbele yake. Arifa inayoibuka pale haimfikii yeyote, na kupaza sauti kutafika hadi kaunta. Tunajaribu kuzipeleka arifa za ghala kwenye kompyuta ambayo mtu aliigusa mwisho ndani ya dakika kumi, yoyote iwayo, isipokuwa ile inayotazamwa na mteja. Matokeo yataongezwa hapa hatua hiyo ikikamilika.